Mwalimu Aliyefundisha Tashbihi Katikati ya Magugu

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Aliye jikoni apunguze moto kidogo. Aliye na redio ndogo aisogeze karibu na sikio. Ni mimi, Dani Rispa, nyanya yenu, na saa hii ni ya kuwakumbuka waliotuacha. Nitasema pole pole. Jambo la maana nitalirudia, kwa sababu najua kuna mtu huko anakoroga uji na kuna mwingine anafukuza kuku.

Leo tunamkumbuka Mwalimu Boaz Magige. Narudia jina: Boaz Magige. Mwalimu wa Kiingereza. Mwalimu wa fasihi. Alizaliwa vilimani karibu na Kehancha. Alifundisha Awendo. Alifundisha kisiwani Mfangano. Na juma lililopita, wapendwa, Mwalimu amepumzika.

Nimesema amepumzika. Niachieni neno hilo kwa sasa. Tutalirudia.

Najua kuna anayeuliza: Dani, wewe uliishia darasa la nne, habari za mwalimu wa fasihi umezitoa wapi? Umeuliza vizuri. Mimi sikuketi katika darasa lake hata siku moja. Lakini nilikuwa naye ndani ya mashua, siku ambayo nitawasimulia. Tashbihi, tashihisi, taharuki, tasfida: maneno haya sikuyasoma ubaoni. Niliyasikia nikiwa nimekaa juu ya gunia la omena, wale dagaa wa ziwani, nikijua sitaiona tena nyumba yangu.

Lakini kwanza tuanze na mtoto.

Boaz Magige alikuwa mtoto wa wafugaji. Na alikuwa mtoto mwoga wa maji. Simsengenyi, haya ni maneno ya kaka yake, Mzee Nyamhanga, aliyeniambia siku ya mazishi huku amejifunika blanketi mabegani. Alisema hivi: "Boaz aliogopa hata mto mdogo. Ng'ombe wanavuka, sisi tunavuka, yeye amebaki ng'ambo analia. Basi baba akamwambia shika mkia wa ng'ombe. Akashika mkia, akafumba macho, akawa anavuka huku anataja majina ya ng'ombe wote wa nyumbani. Mmoja mmoja. Akimaliza majina, amefika."

Mkumbuke hapo, wasikilizaji wapendwa. Mtoto amefumba macho. Ameshika mkia. Anataja majina ili hofu isimle. Mkumbuke sana hapo.

Akasoma, akawa mwalimu. Shule yake ya kwanza ilikuwa upande wa Awendo, kwenye miwa. Darasa lilikuwa kando ya barabara, na malori ya miwa yalipita mchana kutwa. Walimu wengine walilalamikia kelele. Yeye aliwaambia watoto fumbeni macho, niambieni mnasikia nini na mnanusa nini. Wakasema lori, tope, moshi wa kiwandani, harufu ya miwa iliyochomwa. Akasema, "Hapo ndipo hadithi yenu inapoketi. Hiyo inaitwa mandhari." Mkewe, Mama Liz, ndiye aliyenieleza hayo. Anasema hata nyumbani alikuwa hivyo. Ukimpelekea chai ya baridi, anakuuliza kwanza mhusika mkuu wa kosa hili ni nani.

Halafu akahamishwa. Mwaka wa tisini na tano, barua ikamwambia aende Mfangano, shule ya wasichana, akafundishe fasihi ya Kiingereza. Mfangano ni kisiwa. Mama Liz anasema aliisoma barua, akakaa chini, akauliza, "Hakuna barabara?"

Hakuna barabara, Mwalimu. Ni maji.

Siku aliyokuja kisiwani tulikuwa ufukweni. Tulimwona mtu mrefu, koti la suti, tai, viatu vimeng'aa, na kiunoni amejifunga jerikeni. Ndiyo, jerikeni. Ile ya njano ya kuchotea maji, tupu, kifuniko kimefungwa kwa mpira, na kamba ya katani imezunguka kiuno mara mbili. Alikuwa amesikia kwamba jerikeni tupu haizami. Wavuvi walicheka mpaka wakashikana.

"Japuonj," mmoja akamwita, yaani mwalimu kwa Kijaluo, "unaenda kufundisha ama kuteka maji?"

Naye akajibu, meno yakigongana, "Vyote viwili, mzee. Nikizama nitateka yote."

Tukampenda hapo hapo.

Alifundisha pale vizuri. Lakini hakuzoea maji. Narudia: hakuzoea. Kila safari alijifunga ile jerikeni. Kila safari alikaa chini kabisa, katikati, amefumba macho, midomo inacheza. Sisi tulidhani anasali. Sasa najua alikuwa anataja ng'ombe.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nakuja kwenye siku yenyewe. Mwaka wa tisini na saba. Vijana hamkumbuki, lakini mwaka huo magugu maji yalikuwa yamelivamia ziwa. Majani mabichi, manene, yenye maua ya zambarau. Mazuri kuyatazama. Lakini yalikuja kama jeshi. Unalala ufukwe uko wazi, unaamka huoni maji. Upepo ukiyasukuma yanajaa ghuba yote. Upepo ukigeuka yanaondoka. Chini ya magugu hayo walikaa nyoka. Walikaa mamba. Na alikaa yule mwingine ambaye nitamtaja baadaye.

Mwalimu alikuwa anawapeleka wasichana wake wa kidato cha tatu Homa Bay, kwenye kongamano la fasihi. Shule nyingi zingekuwepo. Msichana mmoja alichaguliwa kusimama mbele ya shule zote aeleze istilahi za fasihi: nini tashbihi, nini sitiari, nini kinaya. Msichana huyo aliitwa Dorine. Mwembamba, shingo ndefu, mtoto wa kufundishika, lakini akiogopa, miguu yake hufanya kazi kabla ya kichwa.

Mashua ilikuwa ya Joash. Joash ndiye nahodha, mtu mfupi mwenye sauti ya kuvunja mawe. Ndani tulikuwa wasichana wa shule, mwalimu wao, mimi na omena yangu, na Mama Kaltum. Mama Kaltum alikuwa na duka Homa Bay, Mwislamu, mwenye shuka kubwa jeusi na kitambaa cha kichwa. Alikuja kisiwani kuwatembelea wateja wake, sasa anarudi.

Tuliondoka asubuhi. Maji yalikuwa shwari. Mchana, tukiwa tumeshaanza kuona kile kilima cha Homa kwa mbali, tukakuta magugu. Joash akatafuta njia. Kulikuwa na mfereji wa maji wazi katikati, akauingia. Tukaenda. Tukaenda. Halafu upepo ukageuka.

Niliona kwa macho yangu mfereji ukifunga mbele yetu. Nikatazama nyuma. Nyuma pia umefunga. Injini ikakohoa, mizizi ikajisokota kwenye mapanga yake ya chini ya maji, ikanyamaza.

Kimya kile, wapendwa! Sijui niseme nini juu ya kimya kile. Ulisikia tu majani yakisugua mbao za mashua. Shh. Shh.

"Beduru piny!" Joash akapaza sauti. Kaeni chini. "Hakuna mtu kusimama! Hii mashua ikilala upande mmoja, imelala na sisi wote!"

Wasichana wakaanza kulia. Mmoja akianza, wote. Mashua ikaanza kuyumba kwa kilio tu. Hapo Mwalimu akafungua macho. Alikuwa mweupe mdomoni kama aliyekula unga. Akatazama kijani kile chote, kimetuzunguka mpaka mwisho wa macho. Akajilazimisha kutabasamu, akawaambia, "Tazameni basi. Msilie. Ni kama malisho ya kwetu Kehancha. Ni kama uwanja. Wanangu, tumekaa malishoni."

Alisema hivyo ili kuwatuliza. Narudia, ili kuwatuliza. Na kweli wakatulia.

Halafu tukasikia pumzi.

Si pumzi ya mtu. Pumzi nzito, ya maji, ya pua kubwa. Pffuu. Majani yakanyanyuka upande wa kulia, si mbali, yakashuka. Msichana mmoja akafungua mdomo kusema jina.

"Nyamaza!" Joash akamkata. "Huyo hatajwi hapa. Ndani ya mashua yangu huyo ni mwenye boma. Ukimwita jina lake anakuja kuuliza unamtakia nini."

Sisi tuliozoea kusafiri na Joash tulijua. Ndiyo ilikuwa kanuni yake, na ya baba yake aliyemfundisha. Juu ya maji, mnyama yule haitwi. Ni mwenye boma. Mimi mwenyewe nilibana midomo kwa vidole.

Pffuu. Mara hii karibu zaidi.

Na Dorine akasimama.

"Dorine, kaa!" Mwalimu akasema.

"Si ni malisho?" Dorine akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto mdogo kabisa. Macho hayakutuona. "Mwalimu, si umesema ni uwanja? Mimi natembea. Mimi nashuka natembea mpaka nyumbani."

Akainua mguu, akakanyaga magugu.

Wasikilizaji wapendwa, yalimbeba. Hilo ndilo la kutisha. Yalimbeba kidogo. Alisimama juu yake kama mtu amesimama juu ya godoro, akageuka kututazama, nusu anacheka. Halafu yakafunguka. Akazama wima, bila kupiga kelele, na majani yakajifunika juu yake kana kwamba hakuna mtu aliyepita.

Mama Kaltum akamwita Mungu kwa sauti ambayo sijaisikia tena. Joash akawa anapiga magugu kwa ule mti mrefu wa kusukumia mashua, anatafuta. Wasichana wote wakataka kukimbilia upande ule. Mashua ikainama. Maji yakaingia, nikayasikia kwenye vidole vya miguu. Nikapiga yowe, "Rudini! Rudini mtatuua!"

Na Mwalimu? Mtu aliyeogopa mto mdogo? Alikuwa anafungua kamba kiunoni. Fundo halifunguki. Akalifungua kwa meno. Akazungusha mwisho wa kamba mkononi mwake, akaitupa ile jerikeni pale majani yalipofunga. Akalala kifudifudi kwenye ukingo wa mashua, kifua kizima nje, uso karibu na maji, akawa anaita, "Dorine! Shika mkia! Shika mkia!"

Hakuna aliyeelewa alichosema. Mkia gani? Sisi tulidhani hofu imemharibu akili.

Lakini mkono ukatoka. Mkono mwembamba, umejaa mizizi kama nywele. Ukapapasa, ukapata jerikeni, ukashika. Mama Kaltum akalivua shuka lake, akalipitisha kiunoni kwa Mwalimu na kulishikilia kwa mikono yote miwili, miguu ameikaza kwenye mbao, asije naye akaenda. Mimi nikamshika Mama Kaltum. Joash akaukazia mti upande wa pili kuzuia mashua isipinduke. Tukavuta. Tukavuta. Dorine akaja, akaanguka ndani ya mashua kama samaki, akatapika maji ya kijani juu ya omena yangu.

Alikuwa hai.

Nafikiri mnangoja niseme basi hofu iliisha. Haikuisha. Sasa ndiyo ilianza. Tulikuwa bado tumefungwa. Ndani ya mashua kuna maji. Jua linaanza kushuka upande wa Mbita. Na mwenye boma bado anapumua huku na huku, mara kulia, mara kushoto, huwezi kujua. Wasichana hawakulia tena. Walikuwa wamenyamaza, na kile kimya kilikuwa kibaya kuliko kilio. Mtu aliyenyamaza hivyo ndiye anayeruka.

Mwalimu aliwatazama. Akaketi katikati, bila jerikeni yake, kwa sababu sasa ilikuwa imefungwa kiunoni mwa Dorine. Akakohoa kama anavyokohoa darasani.

"Kidato cha tatu. Tashbihi ni nini?"

Wakatazama maji tu.

"Nimeuliza. Kila mmoja atajibu akiwa amekaa. Tashbihi ni nini?"

Wakajibu kwa Kiingereza, sauti ndogo ndogo. Mama Kaltum, ambaye alikuwa anajitanda upya shuka lake, akasema, "Ustadhi, na sisi wengine? Tufe bila kuelewa?"

Wasichana wawili wakacheka. Kicheko kilitoka kama kikohozi, lakini kilitoka. Basi Mwalimu akaendelea kwa Kiswahili, na ndivyo mimi nilivyopata elimu yangu.

"Tashbihi," akasema, "ni kusema kitu hiki ni kama kile. Nilisema magugu haya ni kama malisho. Nikawadanganya?"

Dorine alikuwa ameniegemea mimi begani.

"Sikudanganya. Lakini sikumaliza somo. Mtu akisema kama, anakuambia vitu viwili vimefanana mahali fulani. Hakuambii kuwa ni kitu kimoja. Rangi ya magugu ni kama malisho. Kufanana kunaishia kwenye rangi. Kwenye mguu hakufiki. Kila mara mkisikia kama, ulizeni: kufanana huku kunaishia wapi? Mwenye jibu hilo ndiye amejua tashbihi. Dorine, kunaishia wapi?"

Dorine akajibu kwa taabu, "Kwenye mguu, Mwalimu."

"Kwenye mguu. Vizuri. Tashihisi!"

Msichana mmoja wa mbele akasema tashihisi ni kukipa kitu kisicho mtu tabia za mtu. "Mfano?" "Magugu yametukumbatia." "Mwingine?" "Injini imekataa kazi." Joash, ambaye alikuwa ameinama nyuma anakata mizizi kwa panga, akasema bila kugeuka, "Hiyo injini si mtu, lakini ina tabia mbaya kuliko shemeji yangu." Wakacheka tena. Mwalimu akasema, "Joash amepasi."

"Taharuki ni nini?"

"Ni hii, Mwalimu," mmoja akanong'ona. Naye hakucheka.

"Ni hii," Mwalimu akakubali. "Hujui kitakachotokea, lakini huwezi kuacha kutazama. Katika kitabu unafungua ukurasa mwingine. Hapa tunafungua swali lingine. Tasfida!"

Pffuu.

Mara hii majani yalinyanyuka kandokando yetu kabisa. Niliona mgongo. Mweusi, unang'aa, mpana kama kitanda. Niliona sikio dogo likitikisika. Mashua ikasogezwa. Haikupigwa, ilisogezwa tu, kama mtu anayekusukuma kwa kiwiko kwenye foleni. Wapendwa, mwili wangu wote uliganda. Mkojo ulinitoka, na sioni haya kuwaambia, mimi ni mwanamke mzee.

Mwalimu hakunyanyua sauti. Alinong'ona, na tukamsikia wote.

"Tasfida. Nani anajua?"

Dorine ndiye aliyejibu. Yeye aliyetoka chini ya maji. Alinong'ona, "Ni kulitaja jambo la kutisha kwa jina la upole."

"Mfano?"

"Mwenye boma."

"Kwa nini tunatumia tasfida, Dorine?"

"Kwa sababu hatuwezi kulitazama usoni, Mwalimu."

"Kwa sababu hatuwezi kulitazama usoni leo," Mwalimu akasema. "Ongeza hapo neno leo. Tasfida ni ya njiani. Ukifika nchi kavu, unalirudisha jina lake. Usipolirudisha, utaliogopa maisha yako yote. Mmenielewa? Jibuni mkiwa mmekaa."

"Tumeelewa," wakanong'ona.

Na yule mnyama akatuzunguka, akapumua tena, mbali kidogo. Halafu mbali zaidi. Kila alipopumua, Mwalimu alitaja istilahi nyingine. Sitiari. Takriri. Kinaya. Msimulizi. Moja, halafu nyingine, halafu nyingine, naye amefumba macho, ngumi yake imekaza kama imeshika kitu. Sasa nyinyi mnajua alikuwa ameshika nini. Sisi hatukujua.

Upepo ukageuka jua likiwa bado halijazama. Magugu yakapasuka, mstari mwembamba wa maji ukafunguka. Joash akasukuma kwa mti, injini ikakubali kazi, tukatoka. Hakuna aliyeshangilia. Joash aliendesha mpaka tukagusa gati la Homa Bay.

Tuliposhuka, wasichana wakalala chini kwenye mawe, wengine wakabusu udongo. Mwalimu alibaki amesimama. Akamgeukia Joash, akamuuliza kwa heshima, "Mzee Joash, hapa ni nchi kavu?"

"Ni nchi kavu, Japuonj."

"Naruhusiwa kumtaja?"

Joash akatazama ziwa. Akatazama wale watoto. Akasema, "Hapa hana boma. Mtaje."

Mwalimu akawageukia wanafunzi wake. "Wote. Jina lake."

Na wale wasichana, na Mama Kaltum, na mimi na magunia yangu yaliyotapikiwa, tukapaza sauti kwa pamoja, tukilia: "Kiboko!" Watu wa gatini wakadhani tumerukwa na akili. "Kiboko! Kiboko!" Na kila tulipolisema, tumbo langu lililegea kidogo.

Kesho yake Dorine alisimama mbele ya shule zote. Mama Kaltum alifunga duka, akanichukua, tukaenda kuketi nyuma. Dorine aliulizwa tashbihi ni nini. Akajibu kama vitabu vinavyojibu. Halafu akaongeza kwa Kiswahili, ingawa ilikuwa siku ya Kiingereza, "Na lazima ujue kunaishia wapi." Walimu wa meza kuu wakatazamana. Sisi wawili tukapiga makofi mpaka tukaambiwa tunyamaze.

Wasikilizaji wapendwa, Mwalimu Magige alifundisha miaka mingi baada ya hapo. Alistaafu, akarudi Kehancha. Dorine naye akawa mwalimu, anafundisha fasihi upande wa Migori. Ile jerikeni anayo mpaka leo, imepasuka kitako, haitekewi maji tena.

Mwaka huu Mwalimu akaugua koo. Sauti ikaanza kumwacha. Mama Liz aliniambia hivi, nami nasema kama alivyosema: "Wageni walikuja wakisema ana mafua ya muda mrefu. Wengine wakasema ni ule ugonjwa wa kisasa. Wengine wakanong'ona tu, hawasemi kitu. Siku moja akaomba karatasi, akaandika: Mama Liz, hapa ni nchi kavu. Sema kansa. Mimi sikuelewa nchi kavu ni nini. Nikampigia Dorine simu. Dorine akalia, akanieleza. Tangu siku hiyo tukasema kansa. Watoto wakasema. Majirani wakasema. Na baadhi ya majirani wakaenda hospitali kujipima koo."

Jumamosi tulikuwa Kehancha kumzika. Niliketi na Mama Kaltum, sote wawili sasa tunatembea na fimbo. Wasemaji wakasimama mmoja baada ya mwingine. Amelala. Ametutangulia. Amepumzika. Ametutoka. Maneno mazuri, ya upole, na mimi niliyaitikia yote. Halafu akaitwa Dorine.

Alisimama kando ya kaburi. Shingo ile ile ndefu. Hakushika karatasi. Alitutazama mpaka tukanyamaza, akauliza, "Wazee wangu, hapa tuko wapi?"

Hakuna aliyejibu. Watu walidhani ni huzuni. Lakini Mama Kaltum akanigusa kwa kiwiko. Nikasimama, na fimbo yangu, mimi wa darasa la nne, nikajibu kwa sauti, "Nchi kavu, mwanangu."

Dorine akasema, "Basi nitalirudisha jina. Mwalimu wangu Boaz Magige amekufa."

Wanawake wakapiga mayowe, wasikilizaji. Mama Liz akaanguka magotini. Mimi nilikuwa nimeogopa neno lile tangu niliposikia habari. Nilipolisikia, niliogopa zaidi. Halafu, sijui niseme vipi, tumbo langu likalegea kidogo.

Kwa hiyo nalirudia lile neno nililowaomba mniachie mwanzoni. Nilisema amepumzika. Nilikuwa bado majini. Sasa nimefika.

Kwa Mama Liz, kwa watoto, kwa Mzee Nyamhanga na ukoo wote kule Kehancha, kwa wanafunzi wake wa Awendo na wa Mfangano: poleni. Poleni sana. Mungu awashike mkono mahali ambapo sisi hatufiki.

Na wewe unayenisikiliza, kuna kitu nyumbani kwako mnakiita kwa jina la upole. Mnajua ni kipi. Sikwambii ukitaje leo. Kama bado uko majini, kaa chini, usisimame, shika mkono wa aliye karibu nawe. Lakini utakapogusa mawe, usipite kimya.

Mwalimu Boaz Magige amekufa. Sisi aliotuvusha tuko hapa.